Mpasuaji Tuliyemsomesha Asirudi Lamu

"Tumemsomesha, katuacha." Hayo ndiyo husemwa barazani Mkunguni, hapa Lamu mjini, kila anapotajwa kijana wa huku aliyekwenda kusomea upasuaji akabaki Nairobi. Wasemao wana haki yao. Daktari wa kaunti akipewa likizo ya masomo, mshahara huendelea kuingia na pengo lake wodini hubaki wazi, ndiyo maana hutiliwa bondi, mkataba wa kurudi kuitumikia kaunti, kabla hajaondoka. Na siku ambayo hapana mpasuaji, mgonjwa wa Faza, kisiwani Pate, aliyejisokota utumbo hushushwa botini Mokowe, akapakiwa garini, na mbele yake zipo zaidi ya kilomita 200 mpaka Malindi.

Lakini mimi nimemuona mpwa wangu akiisomea kazi hii. Likizo ya mshahara hakupata. Alijilipia karo, na zamu za usiku akizifanya bure katika hospitali moja kubwa, kwa kuwa kwenye makaratasi yao yeye alikuwa mwanafunzi tu. Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo saa nane za usiku hakujua kama aliyeshika kisu halipwi. Idi mbili hakuja nyumbani. Alikuwa na daftari la kila upasuaji: aliotazama, aliosaidia, aliofanya mwenyewe mkubwa wake akiwa kando. Akilifungua, jicho lake lilikwenda kwanza kwenye ule aliofanya mwenyewe.

Watetezi wa vijana hawa hupenda kutaja utafiti uliochapishwa 2017, uliowafuatilia wapasuaji waliohitimu Afrika Mashariki, Kati na Kusini tangu 1974 hadi 2013. Takriban 85 katika kila 100 walikutwa nchini mle mle walikosomea. Kwa hiyo ile hadithi ya kwamba wakishahitimu wote hupanda ndege kwenda Ulaya haina miguu. Hata hivyo takwimu hii hainipi usingizi, maana imehesabu nchi, haikuhesabu kisiwa. Aliyetoka Lamu akatulia Nairobi yumo ndani ya hao 85, na mgonjwa wa Faza bado yumo botini. Ukiigeuza upande wa pili nayo inasema neno: wengi wa watu hawa hawakuikimbia nchi waliyosomea. Wamejikusanya palipo na damu kwenye friji, chumba cha mahututi na mwenzao wa kupokezana zamu.

Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilipendekeza mabingwa 20 kwa kila watu 100,000, na ndani ya hao 20 ikawatia wapasuaji, wa nusukaputi na wa uzazi pamoja. Kwa watu 143,920 waliohesabiwa Lamu 2019, ni kama mabingwa 29. Sisi barazani tunamdai mmoja. Nilipomuuliza mpwa wangu atarudi lini, mshahara hakuutaja. "Mjomba, usiku nani huwatia wagonjwa nusukaputi huko?"

Ipo njia ya kati. Chuo cha wapasuaji cha kanda yetu, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha, hakina madarasa: daktari husoma akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, miaka miwili ya msingi, kisha mitatu ya ubingwa. Hospitali za Malindi na Lamu zikipata mabingwa wa kusimamia na idhini hiyo, kijana angeanzia karibu na kwao. Kazi ipo: mabusha, ngiri, miguu iliyovunjwa na bodaboda. Wakosoaji watasema hospitali ndogo haina kila aina ya upasuaji, na hapo nawaunga mkono. Aliyepasua mabusha miaka mitano sitampa tumbo langu. Basi azungushwe, miezi kadhaa Mombasa, mingine Nairobi, lakini mizizi iwe huku.

Kaunti ina haki ya kudai bondi. Zile nilizowahi kuonyeshwa zilitaja miaka ya kutumikia na fedha za kurudisha. Ukurasa ambao kaunti nayo inaahidi mtu wa nusukaputi, damu na mwenzake wa zamu, huo sijauona.