Jiko Kwanza, Sufuria Baadaye

Anayeanza kupika bia nyumbani kwa kimea kitupu cha shayiri, bila shira ya kimea inayouzwa madukani, hukutana mapema na ubishi wa sufuria: je, anunue ya alumini au ya stenlesi? Nchini Marekani, ambako Rais Jimmy Carter alitia saini mwaka 1978 sheria ya shirikisho iliyofungua njia ya upishi huo, ubishi huu haujaisha hadi leo, na kwa maoni yangu umepewa uzito kuliko unavyostahili. Kinachoamua siku ya kupika itakwendaje ni moto, na moto ukishachaguliwa, sufuria hujichagua yenyewe kwa sehemu kubwa.

Anayetumia shira anaweza kuchemsha lita 10 kwenye jiko lake la kawaida, kisha akajazia maji baridi. Wa kimea kitupu hana njia hiyo. Akishaloweka na kusuuza nafaka yake hubaki na lita 26 hivi za maji matamu, ambayo mtu aliyekulia kwenye togwa angeyatambua kwa harufu kabla ya kuyaonja, na yote hayana budi kutokota saa nzima ili apate lita 20 hivi za kutia hamira. Mtokoto huo ndio unaotoa uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia ladha yake chungu, unaogandisha protini zikashuka chini, na unaofukuza kemikali yenye harufu ya mahindi ya kuchemsha. Ndiyo maana sufuria haifunikwi, na ndiyo maana wengi wanaotumia kimea cheupe cha pilsna, aina ya bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, chenye asili ya kemikali hiyo kwa wingi zaidi, huongeza muda hadi dakika 90.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Kupandisha lita 26 kutoka nyuzi 65 hadi 100 hula takriban uniti moja ya umeme, na kugeuza lita 4 kuwa mvuke hula uniti mbili na nusu nyingine. Anayetaka lita hizo 4 zipae ndani ya saa moja anahitaji wati 2,500 zinazoingia majini mfululizo, mbali na joto linalopotea ubavuni mwa sufuria. Soketi ya kawaida ya Marekani, ya volti 120 na ampea 15, haivuki wati 1,800. Ile ya Uingereza, Kenya au Tanzania, yenye plagi ya pini tatu bapa, hutoa karibu 3,000. Kwa hiyo ushauri wa Wamarekani kwamba umeme ni dhaifu na gesi ndiyo mpango mzima ni wa kweli kwao, lakini mtu wa Leeds au Nairobi akiufuata bila kupima anaweza kununua mtungi asiouhitaji.

Gesi ina sifa zake. Jiko la propani la kilowati 15, hata nusu ya joto lake ikipeperuka kando, huchemsha lita zile 26 kwa dakika kumi hivi, na bei yake ni nafuu. Lakini haliwashwi ndani, wala kwenye gereji iliyofungwa, kwa sababu ya hewa ya kaboni monoksaidi inayoua bila harufu. Nje nako upepo huuyumbisha moto, na siku ya baridi mtungi hufanya ukungu, kisha barafu nyembamba kuanzia kimo cha gesi iliyobaki, huku moto ukififia. Isitoshe, mikataba mingi ya nyumba za kupanga hukataza mitungi roshani.

Umeme ni mtulivu na hurekebishika kwa kidole. Gharama yake hujificha kwingine: lita 4 za mvuke lazima zitoke nje ya nyumba, la sivyo kuta zitaota ukungu, na koili yenye joto kali mahali padogo huunguza sukari hadi bia ikaonja moshi. Mmarekani mwenye soketi ya volti 240 ya mashine ya kukaushia nguo amepata suluhisho, mradi aweke kifaa cha kukata umeme unapovuja. Maji, chuma na ampea 30 havitaniwi.

Tukirudi kwenye sufuria, alumini ile ile inayopikia pilau ya harusi hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi, na haina neno juu ya gesi, ilimradi ule utando wake wa kijivu usisuguliwe wala kuoshwa kwa magadi makali. Stenlesi huvumilia sabuni yoyote, ila ikiwa na kitako chembamba juu ya moto mkali huungulia katikati. Ninalosisitiza ni ukubwa. Mimi nilianza na ya lita 30, na dakika moja kabla ya mtokoto povu la rangi ya chai ya maziwa lilipanda kimyakimya, likafurika, likazima jiko. Siku hizi natumia ya lita 38.

Mpangaji wa Marekani aliyebaki na volti 120 peke yake apunguze kipimo kwa nusu. Lita 13 zitachemka vizuri kwa wati 1,500, na sufuria ya lita 20 itamtosha.