Tatizo si miaka, ni mapumziko
Mwandishi mmoja anasema dada wa kazi anayemuuguza mzee na kuishi naye nyumbani abadilishwe kila baada ya miezi sita, wasije wakazoeana mno. Sikubaliani naye. Nimemuuguza bibi mmoja hapa Sinza, Dar es Salaam, kwa miaka minne. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia, na maneno yamembakia matatu tu. Ilinichukua karibu miezi mitano kujua kwamba akivuta kanga anataka kwenda haja, na akifumba macho mbele ya uji ni kwamba umepoa, si kwamba ameshiba. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku pia, ili asipate vidonda vya mgongoni, mtu yeyote hufundishika. Hayo mengine hayafundishiki kwa wiki moja. Nilipokwenda kijijini kuzika, mwezi mmoja tu, aliyeshika nafasi yangu alikuwa binti mzuri kabisa, lakini bibi aligoma kula. Nilirudi nikakuta mashavu yamebonyea, nikalia. Kinachotuchosha ni kukosa usingizi na kukosa siku ya kutoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatupa angalau saa 24 za mapumziko kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka, ila wenye nyumba wengi hutuambia "wewe ni mtu wa nyumbani", na Jumapili inapita hivyo hivyo. Nikipewa mtu wa kupokezana naye, ambaye bibi ameshamzoea, nitakaa hata miaka kumi. Nyie wenzangu mnaouguza wazee, nani anawashikia zamu siku mnayotoka?