Ghorofa jipya kwenye kiwanja cha kiwanda: tofali la nini?

Wengi wanaopita na treni kuelekea stesheni ya Victoria, London, wakiutazama mtambo wa zamani wa umeme wa Battersea, hudhani jumba lile limesimama kwa matofali yake. Sivyo. Ndani kuna fremu ya chuma, na yale matofali yapatayo milioni 6 ni koti tu. Giles Gilbert Scott, msanifu aliyebuni sura ya nje, hakuitwa ili matofali yake yabebe jengo. Aliitwa kwa sababu watu walikuwa wakilalamikia dude la kuchoma makaa ya mawe, lililoanza kujengwa mwaka 1929, kuwekwa katikati ya jiji.

Naanzia hapo kwa sababu kila linapopandishwa ghorofa la makazi kwenye kiwanja cha kiwanda kilichokufa, wasiotaka tofali huwa na hoja moja wanayoipenda: tofali ni uongo. Jengo linabebwa na zege na nondo, wanasema, sasa ya nini kulivika matofali kama bohari la enzi za Malkia Victoria? Hoja inavutia. Ila ukiishikilia mpaka mwisho utalazimika kuishitaki Battersea yenyewe, na leo hakuna Mlondon atakayekusikiliza. Kwa hiyo koti peke yake si kosa. Tuulize ni koti gani.

Wanaolitetea tofali wana hoja nzito, na nyepesi kuliko zote ndiyo inayosemwa sana, ile ya "kuendana na mazingira". Iliyo nzito hasa ni moto. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017 mnara wa Grenfell, magharibi mwa London, uliungua na watu 72 wakafa, moto ukipanda kwa kasi kupitia paneli zilizobandikwa nje wakati wa ukarabati. Desemba 2018 serikali ikapiga marufuku vifaa vinavyoshika moto kwenye kuta za nje za majengo mapya ya makazi yanayofika mita 18 kwenda juu nchini Uingereza. Tofali limeshapita kwenye tanuri la takriban nyuzi 1,000. Halina tena cha kuungua. Mpangaji wa ghorofa ya tisa halali usingizi kwa sababu ya uzuri wa ukuta, analala kwa sababu hiyo.

Halafu kuna kuzeeka. Paneli ya rangi iliyong'aa siku ya uzinduzi, baada ya miaka 15 huwa na michirizi ya maji chini ya kila dirisha. Tofali nalo linachafuka, lakini uchafu hulikaa. (Kwetu mambo ni kinyume: mtu wa Iringa au Mbeya akijenga kwa tofali la kuchoma, akipata hela tu anapiga lipu ili lisionekane.)

Ila nenda King's Cross uone ugumu ulipo. Eneo lile la hekta 27 lilikuwa la reli, makaa na nafaka, na katikati yake lipo bohari la nafaka la Lewis Cubitt la mwaka 1852. Sogea karibu na ukuta wa zamani wa tofali la njano la London. Utaona madoa meusi, vishimo, tofali moja limeungua zaidi na jirani yake limebaki rangi ya mkate. Siri ni kwamba udongo ule ulichanganywa na chokaa na jivu lililochekechwa kutoka kwenye takataka za majumbani, nalo jivu likaendelea kuwaka ndani ya tofali lenyewe. Mashua zilileta matofali kutoka Kent na kurudi zimebeba taka za jiji. Sasa tazama tofali jipya lililochaguliwa "kufanana" nalo: njano ileile, limetoka mashineni, yote sawasawa kama biskuti za pakiti. Rangi wameipata, ila lile jivu halimo.

Hatua chache kutoka hapo kuna jibu la upande wa pili. Fremu za chuma za matangi ya gesi ya karne ya 19 zilifunguliwa, zikapelekwa Yorkshire kukarabatiwa, zikarudishwa, na ndani yake zikajengwa nyumba 145, zilizokamilika mwaka 2018 kwa usanifu wa WilkinsonEyre. Kuta mpya ni za chuma na vioo. Hazijaiga chochote, na hakuna anayepita pale akasahau kiwanja kilikuwa cha nini.

Tofali pia ni zito, na uzito una bei. Mita moja ya mraba inakula matofali kama 60 ya kipimo cha Uingereza. Kila moja ni kilo 2 na ushei, hivyo ni zaidi ya kilo 120 kabla hujahesabu mota, zote zikikalia vyuma visivyoshika kutu vilivyofungwa kwenye zege na kuzuiwa na vishikizo ambavyo macho hayavioni. Fundi akivifunga ovyo, hakuna atakayejua mpaka upepo uje: Januari 2016 ukuta wa shule ya msingi ya Oxgangs, Edinburgh, ulianguka, na shule 17 zikafungwa jijini kwa ukaguzi.

Hata ile sifa ya kutumika tena imepungua. Mota ya chokaa ya zamani ilibanduka, tofali likabaki zima. Ya saruji hung'ang'ania kuliko tofali lenyewe. Ndiyo maana wasanifu wa Lendager huko Copenhagen, walipotaka matofali ya majengo ya zamani ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, waliyakata na ukuta wake, vipande vya mita moja kwa moja.

Mimi nalikubali tofali, kwa sharti: liwe zima, lijengwe na waashi, na dirisha lirudi ndani kiasi cha urefu wa tofali moja, kivuli kionekane. Vigae vya tofali, vile vya unene wa milimita 20 vinavyobandikwa ukutani, ni vyepesi, vinawahi kazi na vinatumia udongo kidogo, sivipuuzi. Ila inama chini ya balkoni utazame juu, pale kwenye ukingo ndipo wembamba wao unapowaaibisha. Bajeti ikifikia hapo tu, heri chuma au zege lililo wazi.

Shida ni kwamba michoro inayopeleka ombi la kibali huwa na madirisha yenye kina, na baada ya kibali kina hicho ndicho cha kwanza kukatwa kupunguza gharama. Kwa hiyo halmashauri isikubali kipande cha sampuli kilicholetwa mezani. Ijengewe ukuta wa majaribio palepale kiwanjani, wenye kona moja na dirisha moja, kisha wangoje mvua inyeshe ndipo waende kuutazama.