Kiwanja Tanzania, Nyumba Ujerumani

Leo, kabla sijanawa uso, nimeambiwa tovuti niliyoijenga itabomolewa. Simu imeita saa kumi na moja na robo alfajiri. Saa hizo simu ikiita unajua ni msiba, kwa hiyo nikapokea huku nishaanza kupiga hesabu ya nauli ya kijijini. Kumbe ni mteja. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekesha, kisha akashusha pumzi.

"Kijana, wameniwekea X."

Ngoja kwanza nijitambulishe, maana heshima haiuzwi dukani. Mimi ni mtaalamu wa tovuti. Nimesema mtaalamu. Mtaani wananiita fundi kompyuta, mama mwenye nyumba ananiita "yule wa mitandao" kwa sauti ya kumtaja mtu aliyewahi kukamatwa, na mama yangu mzazi akiulizwa kanisani mwanao anafanya kazi gani hujibu, "Yuko Dar, anabonyezabonyeza." Nimeshaletewa king'amuzi. Nimeshaletewa pasi. Juzi jirani kaniletea feni, nikamwambia kwa upole kwamba mimi nashughulika na programu, akaniuliza, "Kwani hiyo programu haitumii umeme?" Jibu sikuwa nalo. Feni nikaitengeneza.

Sasa huyu Mzee. Ana duka la vifaa vya ujenzi Buguruni: nondo, mabati, saruji, misumari ya kupima. Mwezi uliopita aliniita nimtengenezee tovuti kwa sababu jamaa wa ng'ambo ya barabara anayo. Akaniuliza tovuti ni kitu gani. Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe, kwa sababu nilimpa ule mfano wetu wa siku zote: domeni, yaani jina la tovuti, ni kiwanja, hostingi, yaani kompyuta inayoitunza, ni nyumba, kurasa ni samani. Mfano huu nimewapa wachungaji, nimewapa watu wa saluni, nimempa hata mganga wa tiba asili. Wote walitikisa kichwa wakatoa kianzio. Lakini usije ukampa mfano wa kiwanja mtu aliyeshinda kesi tatu za viwanja.

Mzee alinyamaza. Akavua miwani. Akamtuma kijana wa dukani akamwite mdogo wake, akamwite mjumbe, na yule mwalimu mstaafu ambaye huitwa kila panapotokea karatasi ya Kiingereza. Nilipoona benchi linatolewa nje na kufutwa vumbi, nikajua mambo yameharibika.

"Haya," Mzee akaanza. "Hicho kiwanja kiko wapi?"

"Hakiko mahali, Mzee. Ni jina tu."

Wakatazamana. Mjumbe akaandika.

"Ukubwa wake?"

"Hakina ukubwa kihivyo. Ila jina halitakiwi kuzidi herufi 63."

"63 kwa ngapi?"

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi ya kuondoka. Begi lilikuwa mgongoni, daladala ya Gongo la Mboto ilikuwa imesimama pale pale. Nikabaki, kwa sababu ya kodi.

"Umenunua au umekodi?" akauliza mdogo wake, ambaye mpaka hapo nilimdhania mtu mpole.

"Unakodi. Kwa mwaka. Bei haizidi mifuko miwili ya saruji."

Hiyo saruji niliiweka kama mbinu ya kibiashara, niongee lugha ya mteja. Haikusaidia. Mzee alishika neno mwaka akalibeba. "Mwaka mmoja? Serikali yenyewe ikikupa hati inakupa miaka 33, au 66, au 99. Wewe umeniletea kiwanja cha mwaka mmoja?"

"Unaweza kulipia mbele, Mzee, mpaka miaka 10."

"Na wa kumi na moja?"

"Unalipia tena."

"Nikisahau?"

Nikameza mate. "Ukisahau, unapewa siku chache za huruma. Zikipita, mtu mwingine anaweza kulichukua."

"Na nyumba yangu?"

"Nyumba inabaki. Ila hakuna atakayejua njia ya kufika."

Mwalimu mstaafu akafumba macho kama mtu aliyeyaona hayo Temeke. "Huku ni kupanga," akasema. "Mnapangishwa." Na sikuweza kumbishia, kwa sababu hata wakubwa wa dunia hii hawana domeni ya kununua moja kwa moja, wote ni wapangaji kama mimi, tofauti ni kwamba wao hawapigiwi hodi na mama mwenye nyumba.

Wakataka kumjua mwenye ardhi. Nikaeleza: kuna shirika liko California linaitwa ICANN, linasimamia majina ya dunia nzima, kila nchi ina mkia wake, wa kwetu ni .tz, na juu kabisa kuna seva, yaani kompyuta, za mzizi zenye majina 13, kuanzia herufi A mpaka M, ndizo zinazoulizwa njia pale ambapo hakuna mwingine anayeijua.

"Wazee 13," akasema mjumbe, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuridhika. "Na mwenyekiti wao ni A au ni M?"

"Tuje kwenye nyumba," Mzee akakata. "Iko wapi?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema Mikocheni, nani angekwenda kuangalia? Lakini nikakumbuka mimi ni mtaalamu. "Seva iko Ujerumani."

Pakawa kimya mpaka mteja aliyekuwa anapimiwa misumari akageuka. Mzee akarudia polepole, akihesabu kwa vidole: "Kiwanja Tanzania. Nyumba Ujerumani." Halafu akanitazama kwa huruma kabisa, kama unavyomtazama mtoto wa mwenzio aliyeanza kuongea peke yake. "Mwanangu, mimi nimeuza nondo miaka thelathini. Msingi wa hiyo nyumba unamwagwa wapi?"

Nikajaribu kueleza kwamba mteja akiwa Mbagala akafungua tovuti, ombi lake linaingia kwenye waya, linapita chini ya bahari, linafika Ujerumani, linachukua ukurasa na kurudi nao Mbagala, na yote hayo ni chini ya sekunde moja. Mwalimu akauliza hizo waya zikikatika. Nikasema mbona zilishakatika, Mei 2024, mbili kwa mpigo, si mnakumbuka tulivyokaa? Mzee akasimama. "Ile siku ndiyo hiyo? Si nilimfukuza huyu kijana nikijua kamaliza bando langu!"

Nyuma ya mabati sauti ikajibu, "Nilikwambia, baba."

Mambo ya kufuli sitaki hata kuyagusa. Nilimwonyesha alama ya kufuli pale juu, nikamwambia hii inaonyesha mazungumzo ya mteja na tovuti hayasomwi na mtu njiani, na hili la bure hubadilishwa kabla siku 90 hazijaisha. Akaenda mwenyewe mpaka stoo akarudi na kufuli limeshika kutu, akaliweka mezani mbele yangu. "Hili nimelinunua Kariakoo mwaka 1994." Hakuongeza neno. Angeongeza neno ningejitetea.

Tukafika muafaka saa kumi jioni, baada ya kuulizwa mara mbili kama kwenye bei ile nimejitilia mwezi wa dalali. Mjumbe akagonga muhuri kwenye karatasi ambayo mpaka leo sijui imeandikwa nini. Nikajenga. Wiki iliyopita nikaiweka hewani, ikapendeza, nasema kweli ikapendeza, mabati yanang'aa mpaka unatamani kuezeka.

Halafu jana usiku mwanawe akaja na laptopu kumwonyesha. Mzee, ambaye siku zote ameitazama kwenye simu, akaona pale juu kulia kuna X. Akashika kipanya kwa mkono wake, akakisogeza taratibu kwenda kuiangalia vizuri, na ninyi mnajua kinachotokea kwenye Windows ukifika pale. Ikageuka nyekundu.

Huyu mtu mwaka 2017 alikuwa anaishi Kimara, kando ya barabara, nyumba zilipowekwa X nyekundu zikabomolewa.

Kwa hiyo sikucheka. Nataka ieleweke kwamba alfajiri ile, nimekaa kitandani na shuka begani, sikucheka. Amekaa macho usiku kucha, kipanya hakukigusa tena, mwanawe kamkataza kuigusa mashine mpaka mimi nipatikane.

"Mzee, hiyo X ni ya kufungia dirisha."

"Dirisha la nyumba yangu?"

"La kompyuta, Mzee. Kila tovuti ukiifungua hapo ina X."

Akafikiri. "Na ya yule wa ng'ambo ya barabara?"

"Na yake ina X."

"Nyekundu?"

"Nyekundu kabisa."

Nikasikia pumzi ikimtoka. "Basi sawa." Nikadhani tumemalizana. "Lakini kwa usalama niandikie pale mbele, juu kabisa: NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi kubwa, rangi nyekundu. Na namba ya simu. Na chini yake: Ogopa matapeli."

Hapo nikaona nitetee taaluma. Nikazungumza habari za mpangilio, za rangi kupatana, za mgeni anachokiona sekunde tatu za mwanzo. Nilizungumza vizuri sana, sijui kama nitakuja kuzungumza vile tena. Mzee alisubiri nimalize akauliza, "Umeshaiandika?"

Nimeiandika. Iko juu ya picha ya mabati. Tangu saa nne asubuhi wamepiga watu wawili kuuliza bei.

Na hela ya mwisho sijaiona! Nusu iliyobaki anasema ataitoa siku nitakapompeleka akaione. Akaione wapi, Ujerumani? Mimi ambaye mwendokasi nasubiri mpaka nasahau nilikuwa nakwenda wapi, nimpeleke mtu Ujerumani akakague seva! Tena kuna lile la kikokotoo. Alitaka mteja aweze kujumlisha kilo za misumari mwenyewe, nikamwekea kwa JavaScript, lugha ya kompyuta ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku 10 mwaka 1995 na sisi wengine tunailipia mpaka leo. Mzee akajumlisha kilo 0.1 na kilo 0.2. Ikamletea 0.30000000000000004. Sasa hilo si kosa la Eich, lugha kibao hufanya hivyo hivyo, kompyuta inahesabu kwa sifuri na moja na ile moja ya kumi haikai sawasawa humo ndani, kama theluthi isivyokwisha ukiiandika kwa desimali. Ungemwelezaje? Mama wa nyanya pale sokoni anajumlisha mafungu saba kichwani huku anamkaripia mtoto na hakosei. Mzee akaweka kidole kwenye kioo, mwishoni kabisa.

"Hii 4 inaingia mfukoni kwa nani?"

Nimesomea hii kazi, jamani. Nimekesha. Macho yangu yameingia ndani kama ya bundi, mgongo nauuguza, bando naongeza mara mbili kwa siku, halafu naulizwa juu ya 4 iliyoko nafasi ya kumi na saba baada ya nukta kana kwamba nimeiba mfuko wa saruji. Nikairekebisha, sasa inaleta 0.3. Unajua alisema nini? "Ahaa. Umeirudisha."

Mwanawe naye kanitumia ujumbe mchana: "Kaka, kwani akili mnemba si inatengeneza tovuti bure?" Inatengeneza, mdogo wangu. Mtume basi akakae kwenye lile benchi.

Nilitaka niendelee na habari ya yule dada wa saluni anayetaka tovuti yake isionekane na mawifi, lakini Luku imeanza kulia. Nyumba ina wapangaji sita na mita moja, na zamu ya wiki hii ni yangu. Ni yangu kwa sababu "wewe ndiye una makompyuta," ingawa kompyuta ni moja, na yule wa chumba cha mbele Jumamosi nzima anapiga pasi, anapiga pasi mpaka soksi. Nimenunua. Nimesimama koridoni na simu mkononi naingiza tarakimu 20, nimefika ya kumi na saba, na Mzee anapiga. Sipokei. Nimekosea ya kumi na nane. Naanza upya.

"Fundi," sauti inatoka chumba cha mbele, "fanya haraka kidogo, pasi inapoa."