"Mpira Mtupu" Si Tairi Bora

Kwenye maduka ya matairi ya Mwanjelwa na Uyole, jijini Mbeya, wapo wanunuzi wanaoulizia "mpira mtupu", wakiogopa kuuziwa uliochakachuliwa. Hofu yao ina msingi, ila inawapeleka pabaya.

Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa na salfa hauyeyuki tena juani. Salfa hufunga minyororo mirefu ya mpira kwa mafundo, nao ukivutwa hurudi. Upishi huo, yaani valkanaizesheni, hautoshi kwa tairi: mpira huo mtupu ungelika upesi sana kwenye mteremko wa Kitonga. Kinachouokoa ni masizi laini yanayochanganywa kabla ya kupika. Chembe zake ni ndogo mno, kiasi kwamba nyuso za gramu 1 zikitandazwa zinaweza kufunika mita za mraba 100. Mpira hung'ang'ania nyuso hizo. Ufa ukianza, unalazimika kuzunguka chembe moja baada ya nyingine, na nguvu yake inapungua njiani. Baadhi ya mipira ya viwandani huongezeka uimara takriban mara 10 kwa masizi tu.

Chokaa iliyosagwa, ambayo nayo huchanganywa kwenye mpira, haifanyi hivyo. Chembe zake ni kubwa, mpira hauzishiki vizuri. Inaongeza uzito na kushusha bei. Hapo mnunuzi ana haki ya kulalamika.

Masizi nayo yana gharama. Kila tairi linapozunguka, chembe huachana na kushikana tena, na joto linalotokea ni dizeli iliyopotea. Silika, yaani unga mweupe wa madini yaliyomo hata kwenye mchanga, ukitumika badala ya masizi hupunguza hasara hiyo, lakini haipatani na mpira bila kemikali ya kuiunganisha, na huchelewesha upishi. Matairi ya malori, yanayotegemea zaidi mpira wa asili, bado yanaelemea kwenye masizi.

Silika imejaa katika majivu ya pumba za mpunga, na kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu pumba ni milima. Kampuni ya Goodyear tayari hutumia silika ya pumba. Naunga mkono wazo hilo kwa moyo wote, ila si kwa majivu yanayozolewa kwenye tanuri la matofali: chembe zake ni kubwa, na yakiungua kwa joto kali silika hugeuka fuwele, ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Lazima pumba zichomwe kwa joto linalodhibitiwa, kisha silika itolewe kwa kemikali. Anayetaka njia ya mkato aanze na mazulia ya mpira, asiguse tairi la basi linaloshuka Kitonga na abiria.