Kituo cha Tano

Ijumaa iliyopita, sala ya Njia ya Msalaba, kanisa la Minara Miwili, Zanzibar. Nyuma yangu mama mmoja anamnong'oneza mwenzake anayechechemea tangu Krismasi: "Vumilia, kila mtu na msalaba wake." Na tuko kituo cha tano! Simoni wa Kirene yuko pale ukutani keshaushika msalaba wa Yesu, mwenziwe, sisi tunaambiana kila mtu abebe wake.

Sikugeuka. Ningegeuka ningekosa adabu kanisani.

Hiyo "vumilia" naijua kwa mgongo wangu. Mwaka jana pingili zilinilaza wiki tatu, ghorofa ya nne Michenzani, maji ya kupandisha kwa ndoo. Kundi la jumuiya ya kanisani likanijaza picha za Moyo Mtakatifu na "pole, mtolee Mungu maumivu yako". Kutolea nilitolea, jamani. Ndoo zikabaki tupu.

Ila na mimi niseme kweli: walipouliza, nilijibu sijambo. Nikijiona mtakatifu kabisa. Kumbe kiburi tu, kimevaa rozari.

Aliyenifuma ni bi mkubwa wa mlango wa pili, kaja na bakuli la futari, muhogo wa nazi. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu; siinuki. Akasukuma mlango, akazitazama ndoo, akanitazama mimi. "Mwanangu, maradhi haya wamficha nani? Miye si jirani?" Hakungoja jibu, yuko nje anawaita wajukuu. Nikalia, na si kwa mgongo. Kesho yake nilimwita mwenyewe. Nilizunguka robo saa na habari za joto na bei ya mchele ndipo nikasema: "Bibi, siifikii miguu. Nikate kucha."

Najua mtaniletea Paulo na Wakolosai, pale anaposema anafurahia mateso yake kwa ajili ya Kanisa. Sawa, mateso hayakimbiliki, na Kanisa halijatuahidi mwili usiouma. Lakini Papa Yohane Paulo II, aliyepigwa risasi 1981, alipoandika Salvifici Doloris, barua yake juu ya mateso, mwaka 1984 alimpa Msamaria Mwema sura nzima. Msamaria aliyemhudumia majeruhi njiani, na si mtu wa sinagogi la Wayahudi! Na Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliwaomba rafiki zake wakeshe naye. Walilala, ndiyo. Lakini aliomba.

Tulipotoka nilimfuata yule mama anayechechemea, nikamuuliza anakaa wapi. Akasema mtaa wa Mpendae. Nikauliza tena: Nani anakuchotea maji?

"Aa, sijambo, namshukuru Mungu."

Nikamwambia, mama, mimi sikuuliza hujambo.