Marumaru ya Kibokoni

Mamangu alinionya mapema, nami nikamwona hajui mambo ya kisasa. "Mwanangu, nyumba hii ni mawe tangu msingi mpaka juu. Sasa wataka kuipaka rangi ifanane na mawe?"

Tumepanga Kibokoni, nyumba ya zamani ya matumbawe na chokaa. Ukiegemea ukuta wa sebuleni, ukiinuka mgongo wako ni kama wa mtu aliyelalia gunia la unga. Jumapili walikuwa waja watu kumposa dadangu, nikaapa hakuna atakayetoka kwetu na unga.

Simuni nilikuwa nimeona Mzungu akigeuza ukuta kuwa marumaru ya Carrara, nyeupe yenye mishipa ya kijivu, kwa burashi, sifongo na unyoya tu. Akasema hata watu wa Pompeii walikuwa na kuta za kuigiza marumaru, kabla ya volkano kuwafunika mwaka 79. Nikasema, kama wale waliweza bila bando, mimi nina nini?

Jumatano na Alhamisi nikapiga rangi nyeupe ya mafuta, mikono miwili. Ijumaa asubuhi nikazimua kijivu kwa tapentaini. Sifongo sikuwa nayo, nikachukua dodoki la kuogea. Unyoya ulitakiwa uwe wa bata bukini. Kibokoni bata bukini utamtoa wapi? Nikamkimbiza jogoo wa jirani kichochoroni mpaka akaniachia mmoja wa mkia, na jirani yuko dirishani anatazama.

"Simchinji," nikamwambia. "Nimeazima tu."

Sasa siri ya mishipa ni hii: unyoya ushikwe kwa ulegevu, uende mshazari, na mkono utetemeke kidogo. Nilikuwa nishapiga vikombe vinne vya kahawa tungu barazani, kwa hiyo kutetemeka nilikuwa nako kwingi. Mshipa wa kwanza ulitoka mzuri, wallahi, mwembamba, unapotea kisha unarudi. Hapo ndipo nilipotakiwa niache. Nikaongeza nyeusi. Nikashusha mshipa mmoja kutoka darini mpaka kizingiti cha mlango, nikaugawa matawi kama mwarobaini.

Rangi ya mafuta na unyevu wa pwani haikauki upesi, basi nikaacha mlango wazi ipigwe na upepo, nikaenda Ijumaa. Baada ya swala nikapitia kwa shangazi kwenye pilau. Pilau ikanilaza mpaka alasiri.

Narudi, nakuta makochi yetu yako kichochoroni. Nyanya kakalishwa kwenye kochi moja, friji imesimama kando yake kama mlinzi, majirani wamejaa.

Kumbe mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi, miwani kaisahau. Alichungulia mlangoni, akaona ukuta umepasuka kutoka darini mpaka kizingitini. "Inna lillahi! Tokeni! Nyumba yaanguka!" Mamangu alijaribu kumweleza kwamba ni rangi. Mzee akamwambia, "Mama, huu si wakati wa kumficha mwanao."

Nikaingia mbio. Fundi alikuwa juu ya ngazi na tindo. Kama mjuavyo, ufa hauzibwi hivi hivi. Hupanuliwa kwanza ndipo saruji ishike. Basi kanifuata mishipa yangu yote, mmoja mmoja, na matawi yake, kaichimba, kaijaza saruji, na bado anasonga mbele.

"Nyufa za nyumba hii siziwezi," akaniambia, anajifuta vidole. "Hazina kina. Tena zatoa rangi."

Gharama ya fundi iliongezwa kwenye kodi yangu.

Jumapili wageni wakaja. Hatukuwa na la kufanya, tukawakaribisha palepale. Ami yake bwana harusi, mzee wa heshima, kanzu na koti jeusi, akasimama mbele ya ukuta ule mweupe wenye mistari ya saruji ya kijivu. Akapitisha kidole kwenye mshipa mmoja taratibu.

"Mashallah. Hii marumaru mmeagiza wapi?"

Kabla sijafungua mdomo mamangu akajibu, "Yatoka nje, ami. Karibu ukae."

Akakaa, akaegemea pale fundi alipobandua rangi mpaka kwenye chokaa. Posa ilikubaliwa, halua ikaliwa. Alipoinuka kuaga, nikaukimbilia mlango nimfungulie, ili nisiuone mgongo wa lile koti.